Mita Kumi na Saba

Kila siku, saa kumi alasiri, Nakiru alipotoka shule alikuwa na kazi tatu. Alivua sare yake na kuitundika, akaenda bombani kuteka maji, kisha akaketi kwenye kivuli cha nyumba yao pale Kanamkemer, mtaa wa Lodwar, na kumsomea baba yake karatasi mbili zilezile. Kazi mbili za kwanza hazikumsumbua. Ya tatu ilikuwa imeanza kumchosha roho.

Karatasi hizo zilihusu pikipiki. Baba yake, Ereng, alikuwa mhudumu wa mifugo. Alijua kuchanja mbuzi, kupasua jipu la ngamia na kumwangalia kondoo akitembea hatua tano tu, akajua anaumwa wapi. Lakini hakuwahi kuingia darasani. Mradi mmoja wa mifugo ulikuwa umemfundisha kwa picha na kwa vitendo. Kwa miaka sita alikuwa akienda kwa miguu na mfuko wake wa dawa, au akiomba lifti kwenye malori, mara Lokichar, mara Kakuma. Mara nyingi alifika mnyama ameshakufa. Mwaka huo, 1996, aliamua kuuza ngamia watatu anunue pikipiki. Kuendesha alikuwa amejifunza kwa pikipiki ya mradi.

Alikuwa ameona mbili za kumfaa. Zote zilikuwa na muundo wa kizamani: taa kubwa ya duara mbele, tangi lenye umbo la yai, kiti kirefu kilicho bapa na vyuma vinavyong'aa. Ereng aliupenda muundo huo kwa sababu haukuwa na madude ya plastiki ya kuvunjika porini. Moja ilikuwa nyeusi, ndogo, katika duka moja mjini Lodwar. Ya pili ilikuwa ya kijani, kubwa, nayo ilikuwa Kakuma. Mwenyewe alikuwa mhandisi wa visima, mzungu, aliyekuwa akirudi kwao. Kila pikipiki ilikuwa na karatasi yake ya maelezo kwa Kiingereza.

"Anza na ya kijani," Ereng alisema siku hiyo, kama alivyosema jana na juzi. "Nguvu zake."

"Nguvu za farasi ishirini na saba, Apa." Ndivyo watoto wa Kiturkana wanavyomwita baba.

"Na nyeusi?"

"Kumi na mbili."

"Huyo farasi anamshinda punda kwa kiasi gani?"

"Sijui, Apa. Sijawahi kuona farasi. Hata jana nilikuambia sijawahi kuona."

"Haya. Soma pale pa kusimama."

Nakiru alishusha pumzi. Hakuhitaji tena kuangalia karatasi. Pikipiki ikiwa katika mwendo wa kilomita sitini kwa saa, ya kijani ilisimama baada ya mita ishirini na saba, nyeusi baada ya mita kumi na saba. Ya kijani ilikuwa na breki za ngoma, zile zinazosugua ndani ya gurudumu. Nyeusi ilikuwa na diski mbele, yaani sahani ya chuma inayobanwa pande zote mbili. Alieleza yote hayo, na baba yake akafumba macho akisikiliza, kama alivyosikiliza mapafu ya mbuzi mgonjwa.

"Mita kumi zaidi," alisema mwishowe. "Katika mita kumi unaweza kuwapanga mbuzi wangapi? Lakini mchanga nao unataka nguvu. Rudia tena pale pa nguvu."

"Ereng!" mama yake Nakiru aliita kutoka jikoni. "Hata hizo karatasi zimechoka. Zinunue zote mbili au usinunue yoyote, tupumzike!"

Ereng alicheka. Nakiru hakucheka. Alikuwa akisikia sauti za wenzake wakicheza mpira uwanjani, na kila siku alifika mchezo umekwisha.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Rafiki yake Caritas, ambaye kaka yake alikuwa na pikipiki kubwa, alikuwa ameiona ile nyeusi dukani. "Baba yako ananunua cherehani yenye magurudumu?" aliuliza mbele ya darasa zima la sita, na watu wakacheka mpaka mwalimu akagonga meza. Tangu siku hiyo Nakiru aliitaka ya kijani kwa moyo wote. Alijiona amekaa nyuma ya baba yake, ikinguruma mbele ya lango la shule. Lakini kila jioni aliposoma namba za breki, aliona baba yake akizidi kuegemea upande wa nyeusi.

Alhamisi ya wiki iliyofuata ilikuwa siku ya kumi na moja ya kusoma. Jua lilikuwa kali, bombani kulikuwa na ugomvi, na Nakiru alifika nyumbani na nusu mtungi.

"Pale pa kusimama," Ereng alisema.

Jibu lilimtoka Nakiru mdomoni kabla hajalifikiria sawasawa. "Ya kijani, mita kumi na saba. Nyeusi, ishirini na saba."

Ereng alifumbua macho. "Siku zote umesema kinyume."

"Nilikuwa nakosea. Mistari imekaribiana, nikawa nasoma wa juu badala ya wa chini."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Apa! Nimesoma vizuri leo. Kwani mimi ndiye sijui Kiingereza?"

Baba yake alizikunja karatasi polepole, akazitia kwenye mfuko wa shati. "Basi tumetaabika bure," alisema. "Ina nguvu, na inasimama vizuri. Jumamosi tutakwenda Kakuma, wewe na mimi."

Nakiru alikimbia uwanjani. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuta mchezo unaendelea. Lakini mpira ulipomjia, hakuudaka.

Jumamosi waliondoka mapema na lori la mahindi. Njiani Ereng alizungumza kuliko kawaida yake. Alisema sasa wafugaji wakimwita asubuhi, saa sita atakuwa amefika. Alisema atatengeneza sanduku la dawa la kufunga nyuma ya kiti. Nakiru aliitikia kwa kichwa tu. Mara mbili alifungua mdomo aseme, na mara mbili aliufunga. Alijiambia kwamba mita kumi si kitu. Baba alikuwa dereva mwangalifu, na namba za kwenye karatasi ni za kwenye karatasi.

Kakuma walishukia karibu na soko la kambi ya wakimbizi. Pikipiki ilikuwa imewekwa kwa fundi Makuei, kijana mrefu kutoka kusini mwa Sudan, aliyetengeneza baiskeli na jenereta chini ya paa la turubai. Kando ya karakana yake mwanamke wa kwao, Agot, aliuza chai, na mwanawe wa miaka mitano, Dut, alizungukazunguka akivuta kopo alilolifunga kamba.

"Ejok," Ereng alisalimu.

"Ejok, mzee, ejok," Makuei alijibu. Alikuwa amekwisha kujifunza salamu za wenyeji. Alifunua gunia, na ile ya kijani ikatokea, inang'aa. Nakiru alisahau hofu yake kwa kitambo. Ilikuwa nzuri kuliko alivyoota.

"Injini mimi najua, nimefungua kwa mkono wangu," Makuei alisema. "Nguvu iko kabisa. Breki, mimi sijajaribu na mwendo mkubwa. Hapa kambini nani anakimbia?"

"Breki tutajaribu sasa hivi," Ereng alisema.

Nyuma ya karakana palikuwa na njia iliyonyooka ya murramu, yaani changarawe nyekundu, ua wa miiba upande huu na upande huu. Ereng aliitazama njia yote kwanza. Kisha alikwenda katikati yake, akachora mstari mmoja chini kwa fimbo. "Hapa ndipo nitakapofunga breki." Kutoka hapo alihesabu hatua ndefu kumi na saba. "Karatasi inasema zile ni za lami. Hii si lami. Tuongeze nusu, na zaidi kidogo." Alifika hatua ya ishirini na sita, akachora mstari wa pili, akaupangia mawe.

Kufikia hapo watoto wa kambi walikuwa wamejaa kutazama. Ereng aliwapanga nyuma ya mstari wa pili kwa mikono yake, akawaonyesha kwa ishara kwamba yeyote asiuvuke. Kisha alimgeukia Nakiru.

"Wewe simama nao hapa. Nikisimama, utanihesabia gurudumu limefika wapi. Wewe ndiye mwenye macho."

Aliondoka kwenda mwanzo wa njia, ambako Makuei alimshikia pikipiki.

Nakiru alibaki amesimama juu ya mawe. Kichwa chake kilianza kupiga hesabu bila kutumwa. Ishirini na saba, si kumi na saba. Ukiongeza nusu ni arobaini na zaidi. Mstari ulikuwa kwenye ishirini na sita. Alitazama nyuma. Walikuwa watoto kama ishirini, wamebanana kati ya miiba, na Dut alikuwa mbele yao wote, kidole chake cha mguu kimekanyaga mstari.

"Apa!" aliita.

Kule mbali injini iliwaka, ikanguruma, ikaimeza sauti ya Nakiru.

"Apa, ngoja! Simama!" Alipunga mikono miwili. Baba yake aliinua mkono mmoja kumjibu. Alidhani anaambiwa kila kitu kiko tayari.

Pikipiki ilianza kuja. Nakiru aliwageukia watoto. "Tokeni! Tokeni njiani, haitasimama!" Wengi hawakujua Kiswahili; wengine walicheka wakidhani ni sehemu ya mchezo. Alimsukuma wa kwanza, akamvuta wa pili shati, akapiga kelele kwa Kiturkana, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza cha shule. Wakubwa waliona uso wake, wakaacha kucheka na kuanza kukimbilia pembeni. Dut peke yake alibaki, amekodolea macho taa ile ya duara inayokua.

Nakiru alimkumbatia kiunoni na kujirusha naye kwenye ua wa miiba.

Gurudumu lilipita. Alisikia breki zikilia na kokoto zikimpiga mgongoni, halafu kishindo cha chuma, halafu kimya. Vumbi lilipotulia, pikipiki ilikuwa imelala ubavu mbali kule, na Ereng alikuwa akiinuka kwa magoti, suruali imechanika.

Agot alifika wa kwanza. Alimwokota mwanawe miibani, akamgeuza huku na huku. Dut alikuwa na mikwaruzo mikononi, hakuwa na zaidi, ila alilia kana kwamba mkono umekatika.

"Nyinyi watu wa Lodwar mna akili gani?" Agot alifoka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini hasira haikuhitaji sarufi. "Mimi nimetoroka vita na huyu mtoto mgongoni. Nimetembea siku ngapi! Leo nyinyi mnakuja kumgonga na mchezo yenu?"

Ereng alirudi kwenye mstari wa kwanza akichechemea, akaanza kuhesabu hatua, polepole, mpaka kwenye alama ya gurudumu. Watu wote walimtazama. Arobaini na moja. Kisha akaja moja kwa moja mpaka kwa Nakiru, aliyekuwa ameketi chini akijichomoa miiba kiganjani.

"Ulikuwa unawatoa watoto kabla sijafunga breki," alisema. "Nilikuona. Ulijuaje?"

Nakiru alitazama chini. Angeweza kusema alihisi tu. Angeweza kusema aliogopa mwendo. Lakini kilio cha Dut kilikuwa bado masikioni mwake, na hakuwa na nguvu ya kubuni neno lingine.

"Sikukosea kusoma zile siku za kwanza, Apa. Nilikosea Alhamisi, kwa kusudi. Ya kijani ni mita ishirini na saba. Niligeuza."

"Kwa nini?"

"Niliitaka hii. Na nilikuwa nimechoka kusoma."

Ereng aliketi juu ya tairi kuukuu, kama mtu aliyetembea kutoka Kalokol, mbali kule ziwani. Nakiru alingoja kofi, halikuja. Hilo lilikuwa baya zaidi.

"Siku kumi na moja," baba yake alisema, akisugua paji la uso. "Mke wangu ananicheka. Majirani wananicheka. Nauliza, nauliza tena, kama kichaa. Mnafikiri napenda kuuliza? Nauliza kwa sababu siwezi kuangalia mwenyewe!" Alitoa karatasi mfukoni na kumtupia mapajani. "Soma. Zote mbili. Kwa sauti, watu hawa wasikie."

Nakiru alisoma mbele ya Makuei, mbele ya Agot na wateja wake wa chai. Alisoma nguvu, uzito, breki, mafuta, hata jina la mpiga chapa chini kabisa ya ukurasa. Alipomaliza, Ereng alisimama na kumwendea Agot.

"Mama Dut, kosa ni la nyumba yangu. Binti alidanganya, na mimi nikapanga watoto wa watu mbele ya pikipiki. Hata kama karatasi ingekuwa ya kweli, sikupaswa kuwaweka pale. Hilo ni langu mimi."

Agot bado alikuwa akihema. Alimtazama Nakiru, aliyekuwa na damu kiganjani na miiba kwenye nywele. "Wewe umemtupa miibani," alisema. Kisha akaongeza, "Afadhali miiba." Aliingia ndani na kurudi na sindano na maji ya chumvi, akaanza na mkono wa mwanawe, akamalizia na wa Nakiru, bila huruma nyingi. Mchana huo Nakiru alimtekea maji mara tatu kutoka kwenye mabomba ya kambi, bila kutumwa na mtu.

Makuei aliinua pikipiki. Mkono wa kioo kimoja ulikuwa umepinda, naye aliunyoosha. "Khalas, imeisha, mzee, watu wote wako salama. Lakini ile ndogo ya Lodwar, katika mchanga itaweza kweli?"

"Sijui," Ereng alisema. "Hiyo nayo nitajaribu kabla ya kusema."

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Lori lilipata pancha mara mbili, na Ereng hakusema lolote ila "sogea" na "shuka".

Jumatatu baada ya shule, mwenye duka wa Lodwar aliwaruhusu kuipeleka nyeusi kwenye mchanga ulio kando ya mto Turkwel. Walifunga nyuma gunia la mchanga lenye uzito sawa na sanduku la dawa. Ereng aliingia mchangani, na baada ya hatua chache gurudumu la nyuma lilizama mpaka nusu. Nakiru alitamani kufumba macho. Lakini baba yake alishuka bila haraka, akatoa upepo kidogo kwenye tairi, akapunguza gunia kwa robo, akatumia gia ya kwanza. Pikipiki ililalamika, ikayumba, ikavuka. Alirudia mara tatu. Haikwenda kwa kasi, ila haikukwama tena.

Kisha walikwenda kwenye uwanja mtupu wa murramu. Ereng alichora mistari, akamweka Nakiru pembeni, mbali, juu ya jiwe. Nyuma ya mstari wa pili hakukuwa na mtu, hata mbuzi. Alikuja kwa mwendo uleule wa Kakuma, akafunga breki.

"Ngapi?" aliuliza.

Nakiru alihesabu kwa hatua, akarudi akahesabu tena. "Ishirini na nne na nusu, Apa. Ile nusu ni kweli."

Ereng alizima injini. Kwa mara ya kwanza tangu Kakuma alimtazama usoni.

"Ile ya kijani si mbaya," alisema. "Aliye na barabara ya lami, na asiye na mifugo mbele yake, itamfaa. Mimi nguvu nimeipata ya kunitosha, na inayopungua nitaifidia kwa kupunguza mzigo. Lakini breki isiyotosha sina cha kuifidia. Ndiyo maana nilikuwa nauliza kila siku."

"Nisamehe, Apa."

"Nimekusamehe. Ila sikiliza, maana hili si la pikipiki tu. Wewe umesoma, na hapa mtaani watu wengi hatukusoma. Watakuletea barua, watakuletea vyeti vya dawa, watakuuliza mara kumi, na utakasirika. Kuchoka si kosa, mwanangu. Ukichoka, sema umechoka, na mimi nitangoja mpaka kesho. Lakini usinipe uongo ili uondoke haraka. Anayesomewa hana pa kuuona uongo, mpaka umgonge."

Nakiru aliitikia kwa kichwa. Alisema amesikia, naye alikuwa amesikia.

Jioni hiyo Ereng aliinunua ile nyeusi. Siku iliyofuata, asubuhi na mapema, Ereng aliitwa na mfugaji wa upande wa Lokichar ambaye mbuzi wake walikuwa wakikohoa. Nakiru alikuwa akienda shule, akamwona baba yake akiingia barabarani kwa ile nyeusi, sanduku la dawa nyuma. Alikuwa hajafika mbali, kondoo walipotoka vichakani na kumiminika barabarani mbele yake, msichana mdogo akiwakimbiza na fimbo. Pikipiki ilisimama. Kondoo wakavuka wote, yule msichana akavuka mwishoni, kisha Ereng akaendelea na safari.